NESI NA SAFARI, Sehemu ya 5: Gari la kuvuka mpaka na watoto, anza na kiti cha nyuma



Sehemu ya 4 tulimaliza chanjo na pasi za watoto. Leo ni lile swali mliloniuliza sana: "Nesi, tunataka gari lililotumika, foo wili, tusafiri nchi jirani na watoto. Tuchukue lipi?"

Fundi atakuambia uanze na injini. Dalali atakuambia uanze na bei. Mimi nakuambia uanze na kiti atakachokaa mtoto wako mdogo kuliko wote. Kama hapo hakuna namna salama ya kumfunga, gari hilo sio lenu, hata injini iwe nzuri kiasi gani. Nieleze kwanza sababu, halafu tutaingia kwenye injini, chesisi, matairi na karatasi za mpakani.

KWA NINI KITI KWANZA

Nafanya kazi kitengo cha dharura, hospitali iliyo karibu na barabara kuu. Habari za mgonjwa wa mtu sizileti mtandaoni, hilo mnalijua. Ila kwa ujumla niseme hivi: Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sio malaria, sio UKIMWI. Na mkanda peke yake unaweza kupunguza hatari ya abiria kufa hadi nusu.

Tatizo ni kwamba sisi mama tunaamini mikono yetu. Tunasema "nitampakata". Mama, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa likagonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anakuchomoka mikononi kwa nguvu ya mzigo wa mamia ya kilo. Hakuna mama mwenye mikono hiyo. Na kama wewe hujafunga mkanda, mwili wako ndio unaomkandamiza.

Mkanda wa maana ni ule unaopita begani na kiunoni, ule uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Magari mengi ya zamani yana mkanda huo kwenye viti vya pembeni, lakini katikati nyuma kuna wa kiunoni tu. Mtoto akifungwa wa kiunoni tu, kwenye ajali mwili unakunjika pale pale kwenye mkanda, na tumbo na uti wa mgongo ndivyo vinavyoumia. Kwa hiyo ukifika yadi, fungua mlango wa nyuma kabla ya boneti. Hesabu mikanda ya bega. Vuta kila mmoja kwa ghafla: lazima ukamate. Ubonyeze kwenye kifungo chake, uvute tena. Angalia kama umechanika au umefifia kwa jua. Mkanda uliojificha chini ya kava la kiti kwa miaka yote hiyo, uchomoe uone kama bado unafanya kazi.

KISA CHA MKONGA

Hapa ndipo nilipogombana na Baba Nuru, na yeye ameniruhusu niandike.

Mwaka juzi wifi yangu alikuwa anaolewa Zambia, Mpika, ule mji ambao reli ya TAZARA inapita. Harusi Julai. Kutoka kwetu Morogoro mpaka Mpika kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Tulikuwa na akiba ya miaka minne, nyingine ya kikoba changu, na tulishakubaliana tununue gari moja litakalotufaa kwa safari hizo na nyingine nyingi mbele. Nyumbani kwa wakwe wa wifi ni barabara ya udongo, ndiyo maana tulitaka foo wili.

Baba Nuru akapata mkonga. Nasema ile Land Cruiser ndefu yenye bomba la hewa lililopanda juu kama mkonga wa tembo, yenye mabenchi nyuma. Ilikuwa ya mradi fulani, imetunzwa, injini ya dizeli ya 4.2, ile ya 1HZ ambayo kila fundi wa kijijini anaijua na spea zake zipo mpaka Tunduma. Bei ikawa ndani ya uwezo wetu. Jamani, mimi gari hiyo naiheshimu. Imetubebea chanjo na wajawazito miaka yote.

Nikapanda nyuma, nikakaa kwenye benchi. Mabenchi yale yanatazamana, ubavu kwa mbele ya gari. Ukigonga kwa mbele, mtu aliyekaa hapo anarushwa kwa ubavu, na shingo ya mtoto haijaumbwa kwa hilo. Kiti cha mtoto hakifungiki pale. Kuna watu wanasema fundi atachomelea viti vya kutazama mbele. Nguzo ya mkanda inatakiwa kuhimili tani na zaidi. Uchomeleaji wa uani hakuna aliyeupima.

"Mama Nuru," akaniambia, "watoto tutawashika. Ni mara moja tu, na harusi ni ya dada yangu."

Nikamwambia, "Baba Nuru, mimi ndiye ninayepokea hao walioshikwa."

Hakujibu. Tulirudi nyumbani na daladala, kila mtu anaangalia dirisha lake.

Gari lile akanunua mtu mwingine wiki hiyo hiyo. La kutufaa hatukulipata mpaka harusi ikapita. Baba Nuru alikwenda peke yake kwa basi. Mimi na watoto watatu tukabaki. Wifi hakunipigia simu miezi miwili, na kwenye kundi la familia aliandika kwamba kuna watu wanathamini gari kuliko ndugu. Niliyasoma, nikanyamaza. Nayaandika haya ili ujue kuwa kusema "gari hili hapana" kuna gharama yake, na gharama yenyewe mara nyingi sio pesa.

JINSI TULIVYOCHAGUA

Tuliendelea kutafuta, safari hii tukiwa na kiti cha mtoto mkononi. Kila yadi nilikwenda na kiti cha Baraka (mwaka mmoja na nusu) na nikaenda na Imani wa miaka 5 mwenyewe. Dalali mmoja akacheka: "Mama, unanunua gari au unanunua kiti?" Nikamwambia kiti ninacho tayari, natafuta gari la kukibeba.

Unachopima ni hiki:

👉 Mtoto mdogo akae akitazama nyuma kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu, angalau mpaka miezi 15. Je, kiti hicho kinaingia nyuma ya kiti cha dereva bila dereva kubanwa? Magari mengi makubwa kwa nje ni madogo kwa hapo.

👉 Kama kuna vyuma vya ISOFIX kati ya mgongo wa kiti na makalio yake, vizuri. Kama hakuna, mkanda wa bega uwe mrefu wa kutosha kuzunguka kiti cha mtoto.

👉 Mtoto mkubwa kidogo anahitaji kiti cha kumnyanyua mpaka afike kimo cha karibu sentimita 145 hadi 150. Mkanda ulale kwenye mifupa ya nyonga, sio tumboni, na upite katikati ya bega, sio shingoni.

👉 Wewe mjamzito: mkanda wa chini upite chini ya tumbo, wa juu upite kati ya matiti. Unafunga, sio unaacha.

👉 Kiti cha safu ya tatu kipo karibu kabisa na kioo cha nyuma, na kukikalia maana yake mizigo inapanda kwenye keria. Gari refu kwenda juu lenye mzigo juu linapinduka kirahisi kwenye kona. Ukishuka Kitonga utanielewa. Mizigo mizito iwe chini, ndani, nyuma ya viti, na imefungwa.

Tulichochukua mwisho ni Prado, lile umbo lililotengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2009, petroli ya 2.7. Lile tuliloliona sisi lilikuwa na mikanda mitatu ya bega kiti cha kati. Sio lazima lako liwe hilo. Kipimo ni kiti, sio jina la gari.

FOO WILI IPI?

Usilipie usichokihitaji. RAV4, X-Trail na Harrier zinasukuma magurudumu manne, lakini hazina ile gia nzito ya chini ambayo gari inatembea polepole kwa nguvu kwenye tope, mchanga au mteremko mkali. Kama safari yenu ni lami tupu na kijiji kina barabara ya changarawe, hizo zinatosha na mafuta yanabaki mfukoni. Sisi tulijua tutakwenda Desemba, mvua kule Zambia ya kaskazini zimeanza, kwa hiyo gia ile tuliihitaji. Ijaribu kabla ya kununua: gari lisimame, weka ya chini, tembea mita chache kwenye udongo, rudisha. Nyingi hazijaguswa miaka na zimeganda.

SASA MPIME KAMA MGONJWA

Hata sisi hatumwandikii mtu dawa kabla ya kupima joto, mapigo na presha.

1. *Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi.* Weka mkono kwenye boneti. Ukikuta ya moto na wewe uliaga jana kuwa unakuja, jiulize kwa nini imewashwa mapema. Moshi wa kwanza unasema mengi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma ni maji yanaingia kwenye injini, mweusi ni mafuta yanazidi.

2. *Maji na oili.* Injini ikiwa ya baridi tu, fungua kifuniko cha rejeta. Ukiona mafuta yanaelea, au oili ya injini imegeuka kama chai ya maziwa, maji na oili vinakutana. Acha. Zile Prado za zamani za dizeli 3.0 za 1KZ zinajulikana kwa hilo: zikichemka, silinda hedi inapasuka. Na dizeli za baadaye zenye nozeli za kielektroniki zinataka mafuta safi, na kubadilisha nozeli hizo ni pesa ndefu. Ndiyo maana sisi tulikubali petroli inayokunywa zaidi.

3. *Chesisi.* Ingia chini na tochi. Japani maeneo ya theluji wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi inakula chuma kutoka chini huku juu rangi inang'aa. Gonga kwa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kopo bovu. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka 18 imepakwa kuficha kitu. Kama gari limetoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA inamaanisha lilishagongwa likatengenezwa.

4. *Eabegi.* Ukiwasha swichi, taa ya eabegi iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameikata ili usijue. Kuna jambo kubwa zaidi: eabegi za kampuni ya Takata ziliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya makampuni mengi, na zikaitwa zirudi kubadilishwa kwa sababu baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi, mama wa Dar, Tanga na Mombasa, ndiyo hali ya hewa yetu. Chukua namba ya chesisi, iweke kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama linadaiwa matengenezo hayo. Na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

5. *Moshi ndani.* Hili mafundi wengi hawalisemi, ila nesi lazima aseme. Bomba la ekzosi lililotoboka chini, pamoja na mpira wa mlango wa nyuma uliokauka, vinaingiza moshi ndani. Gesi ya kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu. Mtoto anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia kupita kawaida, nyie mnasema "gari linamchafua". Endesha dakika 20 vioo vimefungwa. Mkisikia harufu ya moshi au macho yakiwasha, ekzosi ichunguzwe kabla ya kitu kingine. Wala msilale ndani ya gari injini ikiwaka.

6. *Matairi.* Ubavuni tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka 10 limekauka ndani, na linapasuka mchana wa jua gari likiwa limejaa. Angalia na la akiba, maana ndilo linalosahaulika.

7. *Kilomita.* Dashibodi inasema 80,000, lakini pedo ya breki imelika na usukani unang'aa? Amini pedo.

8. *Kiyoyozi na milango.* Kiyoyozi kwa mtoto mchanga sio anasa. Na ile loki ya watoto kwenye milango ya nyuma, ijaribu ukiwa umekaa ndani.

Lipa fundi wako mwenyewe, sio wa muuzaji. Na pesa yote usiimalizie kwenye kununua. Sisi kila shilingi 10, 7 zilikwenda kwenye gari, 2 kwenye matengenezo ya kwanza (matairi, breki, mikanda ya injini, oili zote), 1 kwenye bima na karatasi.

KARATASI

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Kadi iwe halisi na mkononi mwa muuzaji. Ukiambiwa "kadi iko benki kidogo", gari lina mkopo. Hamisha umiliki kabla ya safari. Mkienda na gari lenye jina la mtu mwingine mtahitaji barua yake ya idhini iliyothibitishwa kisheria, na mpakani watawasimamisha.

Bima ya kawaida ya nyumbani haikulindi nje. Omba ile Kadi ya Njano ya COMESA; Tanzania sio mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo wa bima. Beba pembetatu mbili, sio moja, maana kuna nchi kusini mwetu wanadai mbili. Zambia kuna kodi ya kaboni na ada ya barabara pale mpakani, tengeni pesa. Mkielekea Rwanda, Burundi au Kongo, kule wanaendesha kulia: dereva wa gari letu haoni vizuri anapotaka kulipita lori, kwa hiyo aliyekaa kushoto awe macho.

Dada zangu wa Kenya, kwenu gari la kuagiza lisizidi miaka 8, kwa hiyo gari la umri kama letu mtalipata kwa mtu aliye nalo tayari. Vipimo ni vile vile.

TULIFIKA

Desemba tulikwenda. Siku tatu, kwa sababu tulikataa kuendesha usiku. Mikumi tulipita taratibu, twiga wakatuvukia. Tunduma tulikaa saa nyingi. Baada ya lami kuisha nje ya Mpika, tope likatufika kwenye rimu, na ile gia ya chini ikafanya kazi yake.

Wifi alitoka nje anatutazama, hajasema neno. Akafungua mlango wa nyuma. Watoto wote watatu wamelala, kila mmoja amefungwa kwake. Akasimama kidogo, kisha akaanza kumfungua Baraka mwenyewe. Ilimchukua muda kukijua kile kitufe. Nikamwachia.

Mama mwenzangu, kabla hamjakwenda yadi wikendi hii, andika kwenye karatasi majina ya wanao na kimo cha kila mmoja, na mbele ya kila jina acha nafasi ya kujaza: atakaa wapi, atafungwa na nini. Gari lisilojaza nafasi zote, mshukuruni dalali, mwondoke.

Sehemu ya 6 ni boksi la dawa la safari: nini kiwemo, nini kisiachwe garini kwenye joto. Maswali yenu yaacheni hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Mtumie na baba watoto asome.

Nesi wenu.